Gongo la Hoki: Liulize Mkono Kabla ya Jicho

Nimecheza beki kwa miaka 16. Siku hizi nafundisha vijana, na kazi yangu nyingine ni kuyatunza magongo ya timu: nabadilisha gripu (mkanda wa kushikia unaozungushwa kwenye mpini), nasugua kingo zilizomenyeka, naamua lipi liendelee na lipi lipumzishwe. Mengi yamepita mikononi mwangu, na nimegundua kwamba mengi kati ya yaliyotupwa mapema hayakuwa na kasoro yoyote. Yalikuwa yamenunuliwa kwa ajili ya mchezaji mwingine, yule ambaye mwenye gongo alitamani kuwa.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Msimu wangu wa nne nilimwona mpiga kona ya adhabu (ile inayotolewa beki akikosea karibu na goli lake) wa timu pinzani akiburuta mpira na kuurusha juu kabisa ya wavu, nikaangalia gongo lake: kaboni asilimia 95, upinde wa chini, maneno nitakayoyaeleza mbele. Nikajinyima mpaka nikalipata la aina hiyohiyo. Mechi ya kwanza, mpira uliokuwa ukinitulia mbele ya mguu ukaanza kuruka hatua mbili mbele, na kwa beki hatua mbili ni zawadi kwa mshambuliaji. Nikipiga pasi ndefu chini, inanyanyuka hadi magotini na mwamuzi anapuliza filimbi. Nilidhani ni mimi niliyeharibika. Kipindi cha pili kocha wangu alinipa gongo langu la zamani la faibaglasi bila kusema neno, na mpira ukarudi kutulia.

Tangu siku hiyo namwambia kila anayeniuliza: chagua gongo la kupokelea kwanza, la kupigia baadaye. Hesabu mechi moja tu utaona. Unapokea, unasukuma, unakokota na kunyang'anya mara nyingi mno, na shuti la nguvu zote unaweza kumaliza dakika 60 bila kulipiga hata moja. Kwa hiyo gongo linalokupa shuti kali na kukunyima utulivu limekuuzia kitu unachokitumia mara chache kwa kitu unachokihitaji kila dakika.

Na hata hiyo nguvu ina mpaka wake. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Hoki, FIH, zinasema kwamba katika vipimo vya maabara kasi ya mpira isizidi asilimia 98 ya kasi ya kichwa cha gongo kilichoupiga. Gongo halali haliwezi kuwa na miujiza ndani yake. Kasi inatoka kwenye mzunguko wa mabega, kiuno na viganja vyako, na gongo gumu linachofanya ni kupoteza kidogo zaidi kuliko gongo laini. Ukikuta tangazo linaloahidi nguvu maradufu, endelea na safari yako.

Urefu ndio mlango wa kuingilia

Kabla hujauliza habari za kaboni, pima urefu. Kanuni inaruhusu hadi sentimita 105, lakini watu wazima wengi huishia kwenye inchi 36.5, na warefu wanachukua 37.5. Ya watoto yanaanzia chini ya inchi 30 na kupanda. Njia ninayoitumia ni hii: vaa viatu vya kuchezea, simama wima, lisimamishe gongo kando ya mguu wako kichwa kikiwa chini. Ncha ya mpini ifike kwenye mfupa wa nyonga au karibu yake. Kisha shika gongo kwa mikono miwili, inama kama unakokota mpira, tembea hatua kumi. Mpini ukikugusa tumbo, au kiwiko cha kushoto kikilazimika kupanda juu kama bawa, ni refu. Ukijikuta umekunja mgongo mpaka huwaoni wenzako, ni fupi.

Gongo refu kidogo linampa beki ufikio anaponyoosha mkono kunyang'anya mpira. Fupi kidogo linampa kiungo wepesi wa kugeuza mpira karibu na miguu. Tofauti ya inchi moja inatosha kabisa, usiende mbali zaidi ya hapo.

Kwa watoto naomba mzazi anisikilize vizuri. Usimnunulie mtoto gongo "la kukulia". Shati kubwa atalikunja mikono na maisha yataendelea, gongo kubwa litamkunja yeye. Nilikuwa na binti wa miaka tisa aliyepewa gongo la dada yake. Kila alipojaribu kulipitisha upande wa kushoto mpini ulikwama mbavuni, akajifunza kuepuka upande huo kabisa. Alipopata la kimo chake ilimchukua karibu msimu mzima kuiacha tabia ile, maana mwili ulikuwa umeshakariri. Gongo la mtoto linabadilishwa anapokua, na ndiyo sababu la bei ndogo au lililotumika linamfaa zaidi kuliko la kifahari.

Swali jingine nalisikia kila mwaka. "Kocha, mwanangu ni wa shoto, gongo la shoto linapatikana wapi?" Mama, halipo. Kanuni inataka upande bapa uwe mmoja, wa kushoto wa gongo, na mgongo wake uwe wa mviringo. Wote tunatumia umbo hilohilo. Lakini usimhurumie mwanao: mkono wa kushoto ndio unaokaa juu na kuligeuza gongo, wa kulia unaongoza tu. Mtoto wa shoto anaanza na mkono wenye akili mahali panapohitaji akili.

Uzito na mahali unapokaa

Kikomo cha kanuni ni gramu 737, ila siku hizi ni nadra kukutana na gongo zito namna hiyo. Mengi ya watu wazima yako kati ya gramu 520 na 560. Usiisome tu ile namba iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu gramu 540 za gongo hili na gramu 540 za lile zinaweza kukaa mkononi tofauti kabisa. Lilaze gongo juu ya kidole kimoja, lisogeze mpaka litulie bila kuinama. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kikiwa karibu na kichwa, shuti linapata uzito lakini kiganja kinachoka. Kikiwa juu kuelekea mpini, gongo linageuka upesi.

Jaribio langu ni la mkono wa kushoto peke yake. Shika juu kabisa ya mpini, nyoosha gongo mbele yako, geuza kichwa upande na upande kama unaufungua na kuufunga mlango, mara 20. Ukifika 12 na kiganja kimeanza kuwaka, gongo hilo litakutesa dakika za mwisho za mechi, wakati ambao makosa ni ghali. Mabeki na wapiga mipira ya adhabu wanaweza kubeba uzito zaidi. Kiungo na mshambuliaji, chukueni jepesi na msione haya.

Upinde: hapa ndipo watu wanapotea

Litazame gongo kwa ubavu utaona limepinda kidogo kama upinde wa mshale. Kanuni inaruhusu mpindo huo usizidi milimita 25, na mahali unapofikia kilele chake pasiwe chini ya milimita 200 kutoka mwisho wa kichwa. Kilele hicho ndicho kinachotofautisha magongo. Kikiwa kama milimita 300 ni upinde wa kawaida, kwenye 250 ni wa kati, na kikikaribia ile 200 ni upinde wa chini.

Upinde wa chini unaunda kama bakuli dogo jirani na kichwa. Mpira unatulia humo, ukiuburuta unakwenda na gongo na kutoka kwa kasi. Wataalamu wa kona za adhabu wanaupenda kwa sababu hiyo. Lakini bakuli hilohilo, ukija kupiga shuti bapa, uso wa gongo unafika ukiwa umefunguka kidogo kuelekea juu, na mpira unanyanyuka. Ndiyo filimbi niliyopulizwa mimi. Mchezaji anayelitumia lazima ajifunze upya pa kusimama na namna ya kushika, mpira ukae nyuma kidogo na mikono itangulie. Kama si wewe unayepiga kona za timu yako, upinde wa kati au wa kawaida utakulipa kila siku.

Unaweza kuupima mwenyewe. Lilaze gongo mezani, upande bapa ukitazama chini. Utaona uwazi kati ya meza na gongo. Pitisha rula kando yake taratibu, tafuta mahali uwazi ni mkubwa kuliko kwingine kote, weka alama ya chaki. Soma kimo cha uwazi, kisha pima kutoka alama hadi mwisho wa kichwa. Nimewahi kupima magongo mawili yaliyoandikwa "upinde wa kati" vilele vikatofautiana kwa upana wa vidole viwili. Rula haina mdomo wa kibiashara.

Kichwa chenyewe nitakisema kwa kifupi. Umbo linaloitwa midi ndilo la kawaida na linafaa nafasi zote. Maksi lina ncha pana zaidi, linasaidia kuzuia mpira kwa rivasi, yaani gongo likiwa limegeuzwa upande wa kushoto, na kuburuta. Shorti ni jembamba na jepesi kugeuza, ila mpira unaopiga pembeni unakuponyoka. Ukiwa na shaka chukua midi.

Kaboni, faibaglasi na vinginevyo

Wazee waliotutangulia walicheza na mti wa mforsadi. Miji ya Sialkot huko Pakistan na Jalandhar huko India ilijenga jina lake kwa kuchonga na kupinda mti huo, na mpaka leo magongo mengi yanatoka huko. Baada ya Olimpiki ya Montreal ya 1976, ya kwanza ambayo hoki yake ilichezwa kwenye nyasi bandia, mpira ulianza kwenda kasi kuliko zamani, na taratibu mti ukaachia nafasi nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Mti una upole wake katika kupokea, lakini ukilowana mara kwa mara unavimba na kuchanika. Kwa mtoto anayeanza na kucheza pakavu bado ni rafiki mzuri.

Nyuzi ni za aina tatu. Kaboni ni ngumu na nyepesi, inarudisha nguvu nyingi kwenye mpira. Faibaglasi inanyumbulika zaidi, inavumilia kugongwa, na inakuambia kiganjani mpira umegusa wapi. Aramidi inawekwa kidogo ili kumeza mtetemo, ule unaoumiza vidole asubuhi ya baridi.

Asilimia iliyoandikwa kwenye gongo inakuambia kiasi cha kaboni. Haikuambii kaboni yenyewe ni nzuri kiasi gani, nyuzi zimelazwa kwa mpangilio gani, wala gundi imeshika vipi. Magongo mawili ya asilimia 70 yanaweza kuwa wageni kabisa wao kwa wao. Hata hivyo kama kipimo cha kuanzia inasaidia, na mimi naigawa hivi. Anayeanza, asilimia 0 hadi 30. Aliyecheza misimu miwili mitatu na mpira tayari unamtii, 40 hadi 70. Kuanzia 80 na kuendelea ni kwa mchezaji ambaye mikono yake imejifunza kulegea wakati wa kupokea, maana gongo lenyewe halitalegea kwa niaba yake.

Njia ya kulijua hilo kabla ya kulipa: omba mtu akusukumie mpira kutoka hatua kumi, mara kumi, kwa kasi ya pasi ya kweli. Pokea bila kujikaza. Hesabu ni mingapi imebaki ndani ya urefu wa gongo kutoka ulipo. Rudia kwa gongo la pili. Mpira wa hoki una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu, kwa hiyo gongo lolote litasema ukweli wake haraka. Mchezaji mmoja wangu, kiungo, alikuja na fedha ya gongo la asilimia 90. Tulipofanya jaribio hili alituliza mipira mitano kwa lile la 90, na tisa kwa lile la 50. Alinyamaza kidogo, akachukua la 50, na salio akanunua viatu na gripu mbili za akiba.

Kudumu na thamani

Kaboni haipendi kugongwa ubavuni. Inavumilia shuti elfu kwa uso wake, kisha gongo la mpinzani linaikata ukingoni mara moja na ufa unaanza. Ukicheza beki na kunyang'anya kwa kulala chini, kingo za gongo lako ndizo zinazoumia. Uwanja wa nyasi bandia wenye mchanga unasugua kichwa kama msasa, na wa changarawe zaidi. Kwenye viwanja hivyo faibaglasi nyingi na kaboni ya wastani vinakwenda mbali kuliko gongo la kifahari. Kwa hiyo bei naigawa kwa misimu: gongo linalogharimu mara tatu lazima linichezee karibu mara tatu, au linipe kitu ninachokitumia kweli. Kwa wachezaji wengi halitoi lolote kati ya hayo mawili. Toleo la mwaka uliopita, lenye rangi iliyopitwa, mara nyingi ni gongo lilelile kwa bei iliyoshuka, na hapo ndipo ninaponunulia timu.

La mtumba halina aibu, ila lichunguze kama unavyochunguza chungu sokoni: gonga usikilize. Lining'inize kwa vidole viwili juu ya mpini, ligonge kwa kifundo cha kidole kuanzia kichwa kwenda juu. Zima linatoa mlio mkavu, mfupi, unaofanana kote. Lenye ufa linakwaruza au mlio unakufa ghafla mahali fulani. Simama hapo. Pitisha ukucha taratibu: rangi iliyopasuka juu juu ukucha unateleza, nyuzi zilizokatika ukucha unanasa. Kama bado una wasiwasi lowesha pale kwa kidole kilichochovywa maji, futa, kisha pinda gongo kidogo kwenye goti. Mstari ukitokwa na unyevu, umepumua, na gongo hilo liache hapohapo hata ukipewa bure. Likivunjika katikati ya shuti, kipande kinaruka kwenye uso wa mtu.

Ukingo uliomeguka kidogo unatibika. Sugua kwa msasa laini mpaka pasiwe na mwiba, ukivaa glavu, kwani vijiti vya faibaglasi vikiingia kwenye ngozi vinawasha siku nzima. Paka epoksi nyembamba, acha ikauke usiku kucha, sugua tena. Kanuni inataka gongo liwe laini, lisilo na ncha kali. Ufa uliovuka mpini kutoka ubavu hadi ubavu hautibiki.

Matunzo mengine ni ya nidhamu tu. Usiliache ndani ya gari juani, gundi inalegea. Likilowana lifute kabla ya kulirudisha mfukoni. Usiliegemee ukipumzika, usipige nalo mawe. Wiki ya kwanza ya gongo jipya anza kwa kusukuma na pasi za wastani, shuti kali lije baadaye. Na ukiona shuti zako zimepungua nguvu ingawa hakuna ufa, huenda gongo limechoka ndani: nyuzi zinalegea kidogo kidogo kwa kupigapiga. Hilo lifanye la mazoezi ya ukutani.

Kipa nisimsahau: gongo lake lina mkunjo kwenye mpini ili lizibe eneo pana likilala, na analishika kwa mkono mmoja, hivyo atafute jepesi kuliko yote. La ndani ya ukumbi nalo ni jembamba na jepesi kwa sababu kule mpira unasukumwa tu, haupigwi shuti. Ukilipeleka nje litakuvunjikia.

Gripu inabadilishwa inapoanza kuteleza, usingoje ichanike. Iondoe ya zamani, futa gundi iliyobaki, anza juu kabisa ya mpini ukishuka, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia kwa upana wa punje ya mchele, malizia kwa utepe. Wengine wanaongeza gripu ya pili juu ya ya kwanza kwa sababu viganja vyao ni vikubwa. Inaruhusiwa, lakini inaongeza uzito juu na kukisogeza kile kitovu, kwa hiyo rudia jaribio la kidole. Ukimaliza, kata tundu la milimita 51 kwenye kipande cha kadibodi ngumu na upitishe gongo lote, kichwa kikitangulia, pamoja na gripu na utepe wake. Mwamuzi ana pete ya kipimo hichohicho, na likikwama kwake hutacheza nalo.